Pete Iliyomruka Geeske

"Unasema wewe ni nani?"

"Geeske. Geeske Hoekema wa Dokkum."

Upande wa pili wa simu mtu alikohoa. Nyuma yake ilisikika kengele ya daraja, ile inayowaonya wenye baiskeli wasimame kwa sababu daraja linainuliwa.

"Sikiliza, mama," sauti ya mwanamume ikarudi, nzito na ya taratibu. "Sikujui, na sijui unapata raha gani kwa mchezo huu. Geeske Hoekema alifariki mwezi wa pili. Maua ya mazishi yake niliyachagua mimi mwenyewe. Usipige tena."

Simu ikakatwa.

Geeske alibaki na mkonga wa simu sikioni. Alikuwa amekata mtandao ili apate laini ya kupiga, lakini ukurasa aliokuwa akiusoma ulikuwa bado kwenye kioo cha kompyuta. Ulikuwa ukurasa wa Menno Oosterbaan, mwendesha daraja wa Delfzijl, mwenye kupiga picha za madaraja. Chini kabisa palichorwa mshumaa mdogo wenye mwali unaochezacheza. Kando ya mshumaa paliandikwa: *Geeske Hoekema, jirani yangu katika pete. Alitutoka Februari 1999.*

Ilikuwa Novemba. Wiki tatu baadaye angefunga ndoa katika ukumbi wa mji na Wiebe Terpstra.

Wiebe ndiye aliyemwingiza kwenye pete. Iliitwa Pete ya Kaskazini, nayo ilikuwa kurasa za mtandao za watu wa kawaida wa mikoa ya kaskazini: mfuga mbuzi, fundi wa saa, mwalimu mstaafu, kila mtu na mambo yake. Chini ya kila ukurasa palikuwa na viungo viwili, Aliyetangulia na Anayefuata. Ukibonyeza Anayefuata unahamia kwa jirani, kutoka kwake kwa mwingine, hadi unazunguka na kurudi ulikoanzia. Hapakuwa na mtambo wa kuifunga pete ile. Kila mwanachama aliandika viungo vyake kwa mkono, na Wiebe, mshika pete, ndiye aliyewaandikia watu nani kaingia, nani katoka, nani sasa ashikane na nani.

Kwenye ukurasa wake Geeske aliweka maneno ya zamani ya Kifrisia, lugha ya kwao, aliyoyasikia kwa marehemu mama yake, neno moja kila Jumapili. Menno ndiye aliyekuwa Aliyetangulia wake. Kila Jumatatu alikuwa akiandika katika kitabu cha wageni cha ukurasa wa Geeske jinsi neno lile linavyosemwa upande wao wa Groningen, na utani juu yake. Geeske alizoea kuiamkia Jumatatu mapema.

Kisha Wiebe, ambaye wakati huo alishaanza kuja Dokkum kila mwisho wa wiki, alimletea habari mbaya. Alimwambia kwamba watu wa pete wamechoka na maneno yake, wanayaona ya kilio, na baadhi wameomba atolewe. Alisema yeye amemtetea, ila ni heri akae kimya kwa muda, asiwaandikie wala asiwatembelee. Akampa na zawadi: alimhamishia ukurasa kwenye anwani mpya yenye nafasi zaidi, na barua pepe mpya pia. Tangu siku hiyo kitabu cha wageni hakikuandikwa tena na mtu. Hata Menno alinyamaza. Geeske aliendelea na neno lake la Jumapili kwa miezi tisa, kama mtu anayepanga meza kila wiki na wageni hawaji. Wiebe alipomwambia, "Unaona? Mimi tu ndiye niliyebaki," aliamini. Alipomwomba ndoa, alikubali.

Asubuhi ile alikuwa ameamua kufanya mapatano. Harusi ni wakati wa kusameheana, aliwaza, na angewaalika watu wote wa pete yeye mwenyewe, bila kumwambia Wiebe, iwe furaha ya ghafla. Kwa kuwa anwani na simu hubadilika, aliona apite kwanza kila ukurasa achukue za sasa. Alianzia kwake, akabonyeza Anayefuata. Kwa mfuga mbuzi, kwa fundi wa saa, akaendelea hivyo mpaka akafika kwa Menno, ambaye alipaswa kumrudisha nyumbani kwake. Akabonyeza Anayefuata ya Menno. Ikamfungulia mfuga mbuzi.

Pete ilikuwa imefungwa, na yeye hakuwemo.

Alipiga Delfzijl mara ya pili.

"Usikate," alisema haraka. "Niulize jambo analolijua Geeske peke yake. Nikikosea, waite polisi."

Menno alipumua. Kengele ya daraja ilikuwa imenyamaza.

"Kuna neno nilimtumia kwa barua pepe," alisema hatimaye. "Hakuliweka ukurasani. Kwa nini?"

"Kwa sababu ni jina ambalo mkeo alikuwa akikuita alipokuwa hai," Geeske alijibu. "Nilikuandikia kwamba hilo si la kuwekwa dirishani. Libaki ndani ya nyumba yako."

Kilisikika kiti kikivutwa, na mtu akikikalia kwa uzito wake wote.

"Mungu wangu," Menno alisema polepole. "Geeske."

"Naam."

"Nilikulilia, unajua?"

Alimweleza yote, kwa maneno ya kukatikakatika. Wiebe aliwaandikia wanachama wote kwamba nimonia imemchukua Geeske ghafla, na kwamba ndugu wamemzika kimya kimya bila wageni. Akawataka Menno na mfuga mbuzi washikane mikono, kama pete inavyofanya mtu akifa. Menno alijaribu anwani ya zamani ya ukurasa, akakuta hakuna kitu. Alitaka kwenda kaburini. Wiebe alimsihi aiache familia kwa sasa, na kama wanataka kumheshimu, wapeleke maua kwake Leeuwarden, yeye atayafikisha.

"Maua gani?" Geeske aliuliza.

"Mayungiyungi meupe. Shada kubwa, na utepe wa maneno ya dhahabu. Kwa nini?"

Geeske aliugeukia mlango. Alikuwa amekumbuka Jumamosi moja ya Februari, Wiebe mlangoni, theluji mabegani, shada la mayungiyungi meupe kifuani. Hakuna mwanamume aliyewahi kumletea maua mengi kiasi kile. Alitafuta ndoo kwa sababu hakuwa na chombo cha kuyatosha. Kwenye waya uliofunga mashina palikuwa na kipande cha utepe kilichokatwa kwa mkasi, herufi mbili za dhahabu tu, akadhani ni jina la duka. Alilala na harufu ile chumbani kwa wiki nzima, akijiona mwanamke mwenye bahati.

Wiebe alifika jioni ile ile kwa gari lake, akafungua kwa ufunguo wake mwenyewe. Alikuwa na mkate wa sukari na sampuli za kadi za harusi. Alimbusu shavuni, akalalamikia mvua ya njiani, akaanza kuzipanga kadi mezani. Geeske alimmiminia kahawa.

"Hii yenye ukingo wa buluu," Wiebe alisema. "Unaionaje, kipenzi?"

"Wiebe, yale maua ya Februari ulinunua wapi?"

"Maua yapi?"

"Mayungiyungi."

"Leeuwarden. Mbona leo?"

"Utepe wake uliandikwaje kabla hujaukata?"

Mkono wa Wiebe ulisimama juu ya kadi. Alimtazama, kisha akaitazama kompyuta iliyokuwa pembeni, na mshumaa uliokuwa ukichezacheza kwenye kioo. Hakukana. Alikisukuma kijiko cha kahawa kwa kidole.

"Nilikuwa nakupoteza," alisema. "Wiki nzima unangoja Jumatatu. Mimi naendesha gari kutoka Leeuwarden nakuja kukaa na wewe, na wewe unacheka peke yako kwa utani wa mwendesha daraja. Hata sura yake hujawahi kuiona."

"Ungesema."

"Ungenichagua?"

Geeske alikiweka kikombe chake mezani. Swali lilistahili ukweli.

"Sijui," alisema. "Hukuniachia nafasi ya kujua."

"Hukufa, Geeske. Ni maneno tu kwenye kompyuta. Uko hapa, unakunywa kahawa, una mtu anayekupenda. Nani ameumia?"

"Kuna mwanaume amelia msiba wangu miezi tisa. Na mimi miezi tisa nimekaa hapa nikiamini kwamba watu wote wamenichoka, nikakushukuru wewe kwa kunivumilia." Sauti yake haikupanda. "Ulinizika, Wiebe. Halafu ukaniletea maua ya kaburi langu, ukaniambia niyatie maji."

Wiebe alifunika uso kwa viganja. Alipovitoa, macho yalikuwa mekundu, lakini maneno yaliyotoka yalikuwa makavu.

"Na utarudi kwao vipi? Mshika pete ni mimi. Bila mimi hakuna pete."

Geeske alivua pete ya uchumba kidoleni. Ilikwama kidogo kwenye kifundo, akaizungusha mpaka ikatoka, akaiweka juu ya kadi yenye ukingo wa buluu.

"Pete uliyoishika wewe ni hiyo," alisema. "Ile nyingine imeshikwa na watu. Acha ufunguo mezani."

Aliuacha. Mkate wa sukari aliondoka nao, na Geeske alikumbuka jambo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyotaka.

Kesho yake Menno alipiga simu. Alisema kiungo ameshakirudisha, na mfuga mbuzi naye amekirudisha cha upande wake baada ya kulia na kutukana kwa zamu. Watu wa pete wamejua yote. Wote wamekubaliana kumruka Wiebe, jirani zake wa pande mbili washikane juu ya kichwa chake, ila wanangoja neno la Geeske.

"Useme tu," Menno alisema. "Tunamtoa kimya kimya, kama alivyokutoa."

Geeske alitazama dirishani. Alijua vizuri nyumba isiyobishwa hodi inavyokuwa. Alijua mtu anavyoanza kujisikiliza, akijitafutia kosa lake.

"Mtoeni," alisema. "Lakini si kimya kimya. Andikeni sababu, aisome. Na andikeni kwamba yu hai."

Wakaandika hivyo. Kwa majuma mengi kila aliyepita sehemu ile ya pete alikutana na mistari miwili: *Wiebe Terpstra wa Leeuwarden yu hai na ni mzima. Alimtangaza jirani yetu kuwa maiti, na sisi hatupiti tena kwake.*

Kabla hawajaagana siku ile, Geeske aliuliza kuhusu mshumaa.

"Nilijaribu kuufuta usiku," Menno alisema. "Mkono ulikataa. Nilimzika mke wangu, nikakuzika na wewe. Sasa sauti kwenye simu inaniambia umefufuka. Nipe muda, dada. Nitauondoa siku nitakayokuona kwa macho yangu."

Geeske hakumwambia njoo, wala hakusema anakuja. Naye alikuwa na maiti wa kumzoea: yule mwanamke aliyekuwa akijiona mwenye bahati.

Mshumaa uliendelea kuwaka kwenye ukurasa ule majira yote ya baridi. Mtu akizunguka pete alipita hapo kwanza, kisha akabonyeza Anayefuata na kumkuta marehemu akiandika neno jipya la Jumapili. Mwezi wa nne Geeske alisafiri kwenda Delfzijl. Jumatatu iliyofuata mshumaa haukuwepo.