Upepo Umejaa, Gari Limelala

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya mpunga ya Nueva Ecija, na Luzviminda alitaka kitu kimoja tu: kumfikia mwanawe wa miezi miwili, waliyemwacha kwa jirani. Yeye na mumewe walikuwa wanatoka msibani kwa gari. Mama mkwe wake, Patrocinia, alikuwa amelazwa ndani ya jeneza kati ya mishumaa. Kikongwe yule alimchukia mpaka pumzi ya mwisho. "Mtoto huyo ni wangu," alikuwa akimwambia. "Nitakuja kumchukua."

"Rodelio, tusimame mgahawani kwanza," alimwambia mumewe. "Anayetoka kwa maiti haendi nyumbani moja kwa moja. Kama mama yako katufuata, tumwache huko."

Rodelio alifyonya. "Mama kashakufa na bado unamsema! Huo ni ujinga wa vibibi."

Akaupita mgahawa makusudi. Mbele kidogo, gari likalala upande wa nyuma, kushoto.

"Pancha," Rodelio alilaani.

Alitoa pampu ndogo ya umeme, akaichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Ikanguruma... ikanyamaza. Labda betri imechoka, akawasha injini. Ikanguruma, ikanyamaza. Akafungua kichwa cha plagi, fyuzi ilikuwa nzima. Akaiacha ipoe, akakaza upya mdomo wa mrija kwenye valvu. Wapi!

"Fundi wa maneno," mkewe alimchoma. "Mtoto hunyonya saa hizi!"

"Nyamaza wewe!"

Alichomoa mrija tairini. Pampu ikanguruma bila kasoro. Akaurudisha. Kimya. Ndipo alipotazama kipimo, kisha akalipiga tairi teke.

Gumu kama jiwe.

Pampu ilikuwa inajizima kwa sababu upepo umejaa. Hapakuwa na pancha tangu mwanzo. Lakini gari bado lilikuwa limelala upande ule ule...

Harufu ya mishumaa ikatoka dirisha la nyuma. Kiti cha nyuma kikalia taratibu. Kwiii... Mtu alikuwa anajiweka sawa.

"Rudi mgahawani," Luzviminda alinong'ona. "Usitazame nyuma."

Safari hii Rodelio hakubisha; aligeuza gari.

Waliagiza uji wa mchele wenye tangawizi. Mwenye mgahawa alikuwa mama kijana, kambeba mtoto kiunoni. Waliliangalia gari lao kupitia mlangoni. Likainuka kidogo kidogo, mpaka likakaa sawa. Luzviminda nusura alie kwa furaha.

Ndipo mtoto wa mwenye mgahawa aliponyoosha mikono kuelekea kiti kitupu kilicho kando yao, akacheka.

"Makubwa!" mama yake alisema. "Huyu hawapendi wageni. Leo kamwona nani?"

Rodelio alifungua kinywa amwambie. Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu.

"Mwanao mzuri," Luzviminda alisema, akichukua mkoba wake. "Sisi tunakwenda."