Kokoto ya Tano

Kila Jumanne na Ijumaa jioni, Mbuke alifunga mlango wa nyumba ya shangazi yake, akatembea peke yake hadi uwanja wa shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ilikuwa wiki ya nne tangu atoke Songwa kuja kusoma Kahama. Shangazi aliuza mchele sokoni hadi magharibi. Nyumbani hakukuwa na wa kuzungumza naye ila redio, na redio haijibu.

Uwanjani palikuwa na kikundi cha mazoezi cha Kocha Paskalina. Watoto waliruka kamba, wakapiga pushapu, wakabeba mfuko wa mchanga, kisha wakakimbia kuuzunguka uwanja, yote bila kupumzika. Huo ulikuwa mzunguko mmoja. Aliyeumaliza aliweka kokoto kwenye kopo lake, lililomwagwa kila jioni; hakuna aliyehesabu mizunguko ya mwenzake. Anayeanza alipangiwa mizunguko miwili, naye aliyefikisha mitano kwa jioni moja alihesabiwa mzoefu.

Siku ya kwanza Mbuke alifika amechelewa, akabaki nyuma ya wote. Aliwaona wenzake wamesimama, wanamtazama. "Wananicheka," aliwaza. Akaukatiza mzunguko wa pili, akatia kokoto mbili koponi na kuondoka upesi kabla hajaulizwa.

Tangu siku hiyo alifanya hivyohivyo. Kokoto ziliongezeka, miguu ikabaki ileile. Alitaka jambo moja tu: kuwa mzoefu, kwa sababu wazoefu walirudi nyumbani pamoja wakipiga soga, naye alirudi na kivuli chake.

Njia ya mwongo ni fupi. Kocha alipoona kokoto tano koponi, alimhamishia kwa wazoefu na kumpanga na Doto, msichana wa darasa lake. Walitakiwa kubeba pamoja mfuko mzito wa mchanga. Katikati ya uwanja nguvu zilimwishia Mbuke. Mfuko ukamponyoka, ukamwangukia Doto mguuni.

Doto hakulia. Alikaa chini akiushika mguu uliokuwa ukivimba. "Mbuke, si umeshafanya mizunguko mitano?" aliuliza.

Mbuke aligeuka, akakimbilia nyumbani. Wiki ile hakwenda mazoezini, na darasani Doto alichechemea akampita akiangalia kando. Upweke wa mwanzo ulikuwa afadhali.

Ijumaa iliyofuata alimwendea kocha.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Mbona umepotea?"

"Kokoto zangu zilikuwa za uongo. Sijawahi kumaliza hata mizunguko miwili. Nimemuumiza Doto." Akalia.

Kocha alimwacha alie hadi atulie. "Kamwombe radhi Doto. Kisha uanze upya, mizunguko miwili."

Doto alikuwa amekaa pembeni, mguu umefungwa bandeji. Alimsikiliza Mbuke, kisha akasema, "Uliniumiza kweli. Haya, nenda kakimbie."

Katika mzunguko wa pili, Mbuke alibaki peke yake tena. Wote walikuwa wamemaliza, wamesimama wanamtazama. Safari hii hakukatiza. Ndipo akaona wanakuja. Masalu, kijana aliyewapita wote kwa mbio, alikuja kukimbia kulia kwake, wengine wakafuata nyuma, na Doto akapiga makofi kutoka pembeni.

"Mnafanya nini?" Mbuke aliuliza akihema.

"Ndiyo desturi yetu," alisema Masalu. "Wa mwisho hamalizi peke yake. Wewe kila siku ulikuwa unaondoka."

Ilimchukua miezi saba. Siku alipotia kokoto ya tano ya kweli, Doto, ambaye mguu wake ulikuwa umepona zamani, alikuwa akikimbia kando yake.

Kocha aliitoa kokoto ile koponi, akamrudishia. "Kule kwenu Songwa watu wakilima pamoja kwa zamu, aliyemaliza sehemu yake hugeuka kumsaidia aliyebaki nyuma. Nasi tunafanya hivyo. Lakini, mwanangu, hakuna awezaye kukusindikiza kwenye mzunguko ambao hukuufanya."

Jioni ile Mbuke na Doto walirudi nyumbani pamoja.