Unywele Mmoja wa Minza

Mashine mpya haikuhitaji damu. Ilihitaji unywele mmoja tu, ung'olewe na shina lake, na baada ya dakika tisa ilikuambia umerithi nini kwa baba na nini kwa mama. Walioiunda waliiita kisomanywele, na inaelekea waliwajua watu wa Mwanza vizuri. Mji ule ulikuwa na treni za angani na roboti za kuzibua mitaro, lakini bado hakuna mtu mwenye akili zake aliyekubali kumwachia mgeni nywele zake. Kwa hiyo kisomanywele kiliwekewa kidirisha cha kioo, na kilipomaliza kusoma kiliuteketeza unywele mbele ya macho ya mwenyewe. Chumba kilinuka moshi wa nywele, na wateja wakaondoka wametulia.

Minza Nkwabi, mtaalamu wa maabara, aliipenda mashine hiyo tangu ilipotolewa kwenye sanduku. Kwa miaka sita alikuwa ametumia kisomadamu, zee moja lenye mlio wa jokofu bovu. Hilo lilipitisha himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, katika umeme: ile ya kawaida, A, hukimbia mbele, ile ya selimundu, S, hujikokota nyuma. Mtu mwenye A mbili yuko salama. Mwenye A na S haumwi, ila anaweza kumrithisha mtoto. Mwenye S mbili ndiye mgonjwa. Sheria ya mji ilitaka wachumba wote wapime kwanza, ndipo wapewe kadi ya ndoa.

Kila asubuhi, kabla foleni haijaanza, mashine hujaribiwa kwa damu ambayo jibu lake linajulikana. Damu hiyo ilitakiwa kuletwa kutoka kiwandani, lakini ilichelewa mno, hivyo Minza alizoea kujichoma kidole chake mwenyewe. AA, siku zote, miaka sita. Wenzake walimbandika jina la Kipimo. "Kipimo kafika, washeni mashine," walimtania, naye alijidai waziwazi.

Alijidai hata kwenye uchumba. Mutalemwa, ambaye sasa ni mumewe, alikuwa AS, na siku alipomweleza alikuwa na uso wa mtu anayekiri wizi. Minza alicheka. "Uso gani huo wa mwizi? Wewe njoo tu. Mimi sina S hata ya dawa. Mtoto wetu hawezi kupata mbili." Sasa alikuwa na mimba ya miezi minne.

Basi asubuhi ya kwanza ya kisomanywele, Minza aling'oa unywele kisogoni, akautumbukiza, akaenda kujimiminia chai. Aliporudi, kioo kiliandika: SS.

"We mashine, umelewa?" aliiuliza.

Akarudia. SS. Akang'oa kwenye nyusi. SS. Hakuogopa bado, kilichomjaa ni udadisi, ule uliomfanya utotoni afungue redio ya baba yake hadi ikashindikana kufungwa. Mtu mwenye SS hafiki miaka thelathini bila kujua. Viungo vingemuuma, macho yangekuwa manjano, angekuwa amelazwa mara ngapi! Yeye alikuwa hata malaria haimkai.

Akamkimbilia Dakta Tungaraza, mkuu wa maabara, mzee mwenye upara unaong'aa.

"Daktari, naomba unywele."

"Minza, unanitukana?"

"Hata wa mkononi."

Unywele wa Dakta ukatoka AS, kama alivyojijua tangu ujana. Wakachukua wa mgonjwa mmoja wa kliniki. SS, sawa na faili lake. Mashine haikuwa na kasoro. Minza akajichoma kidole, akawasha kisomadamu. AA, safi, bila hata kivuli cha S.

"Zote mbili zinasema kweli," Minza alisema polepole. "Damu yangu ni AA. Nywele zangu ni SS. Inawezekanaje mtu mmoja awe watu wawili?"

Dakta Tungaraza alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Una makovu mawili mgongoni, chini, juu kidogo ya makalio?"

Minza alishika kiuno bila kujua. "Mama alisema niliangukia miiba ya mkonge."

"Kaa, binti yangu." Akamweleza. Miaka thelathini nyuma hospitali moja ya rufaa ilianza ukarabati wa uboho. Uboho, ute ule wa ndani ya mifupa, ndicho kiwanda cha damu. Madaktari waliutoa kwa mtoto mchanga, wakasahihisha herufi moja ya vinasaba iliyokosewa, wakachoma uboho uliobaki kwa dawa kali, kisha wakarudisha ule uliosahihishwa. Kuanzia hapo kiwanda hutoa damu nzuri maisha yote. "Lakini hukarabatiwa kiwanda peke yake. Nywele, ngozi, mayai ya uzazi, vyote hubaki kama ulivyozaliwa navyo."

Minza alipiga hesabu kabla Dakta hajamaliza. Yeye angempa mtoto S, bila hiari. Mutalemwa angempa A au S, nusu kwa nusu. Na ukarabati ulikuwa haujawa mchezo: miezi minne chumba cha peke yake, na kati ya watoto ishirini, mmoja hatoki.

Dakta alimtoa damu, kwa sababu vipande vya vinasaba vya mtoto huelea katika damu ya mama. Jibu lingechukua siku mbili. Minza akapanda treni mchana uleule hadi Nyakato.

Mama yake, Kabula, alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Wamekufukuza kazi?"

"Mama, nilikarabatiwa?"

Ungo ulitulia. Kisha Kabula akaendelea kutoa chuya moja moja.

"Ulikuwa na miezi kumi," alisema. "Kabla yako alikuwepo Shija."

"Shija nani?"

"Kaka yako. Alilia mifupa hadi akafa, ana miaka minne. Watu wakasema ukoo wetu una laana. Shangazi yako aliachwa akiwa ameshavishwa pete. Ulipopona nikasema, huyu mmoja, huyu tu, aishi bila kubebeshwa laana hiyo. Kwenye fomu waliuliza kama mtoto aambiwe akikua. Niliandika hapana."

"Nimemwambia Mutalemwa mimi ni safi, mama. Nimempa neno langu."

"Ulikuwa safi mwanangu. Ulikuwa hulii usiku. Mimi nilijua safi ndiyo hiyo." Hapo akaanza kulia, na Minza, aliyekuja na hasira tele, akajikuta anaushika ungo usimwagike.

Siku ya tatu walikaa watatu mbele ya Dakta Tungaraza: Minza, Mutalemwa na Kabula. Mutalemwa alikwishaambiwa yote. Naye alikuwa amesema tu, "Kumbe uso ule wa kukiri wizi tungegawana." Jibu lilikuwa mezani. Mtoto ni wa kike. SS.

Dakta akasogeza fomu ya ukarabati, ili nafasi ya mtoto ishikwe mapema. Minza alijaza jina lake, la mumewe, miezi ya mimba. Alipofika swali la saba, kalamu ikasimama. Mtoto afahamishwe akikua?

Akageuka kumtazama mama yake. Kabula alikuwa amekwisha kulisoma, huenda alilitambua tangu mbali.

"Andika ndiyo," alisema. "Na pale pembeni andika kwamba atakayemwambia ni bibi yake. Nitaanza na Shija."

Minza akaandika, akiminya herufi ili zienee kwenye nafasi ile ndogo.