Vichwa Kumi na Vinne

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Samsam alifungua zizi la mbuzi pale Balambala, kijiji cha kando ya mto Tana. Hakuwahesabu. Watu wa kwetu hawahesabu mifugo kwa kidole. Ni kama kuita hasara. Alisimama mlangoni akamtazama kila mbuzi anayepita: mwenye sikio lililochanika, mweupe mkaidi, mama wa mapacha. Akikosekana mmoja, Samsam alihisi tumboni kabla hajajua ni yupi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake, Kulow, aliyebaki kumlea peke yake tangu mama yake afariki.

Ilikuwa Mei, mwaka wa tisini na saba. Samsam alikuwa darasa la sita, tena kiranja wa klabu ya wanyamapori. Wakubwa wa Garissa walikuwa wameahidi kuipeleka klabu Ziwa Turkana, izunguke kwa mashua visiwa vilivyozaliwa na volkano na kuwaona mamba wake. Lori likapatikana, kisha likachukuliwa kwa mambo ya kampeni. Basi watoto wakaambiwa watosheke na mto Tana. Viboko wapo, mamba wapo, na visiwa vya mchanga vipo, hata kama havijawahi kutema moto.

"Na mashua mtapanda ipi?" Kulow aliuliza.

"Ile ya ofisi ya serikali, Aabo. Yenye injini."

Kulow akacheka bila furaha. "Kumbe inatembea."

Asubuhi ya safari, Kaaha, mwenzao wa klabu, aliamka na homa. Hinda, binamu yake Samsam wa darasa la tatu, akalia apewe nafasi hiyo. Wadogo hawakuruhusiwa, lakini Samsam alimwonea huruma.

"Wakiita Kaaha, itika wewe," alimnong'oneza. "Hawa wa Garissa hawatujui."

Mwalimu Nuh angewajua, ila aliambiwa abaki ukingoni, maana nafasi yake ilichukuliwa na mgeni mwenye kamera. Aliyesimamia watoto akawa afisa mmoja mwenye viatu vinavyong'aa. Aliita majina, akatia alama kwenye karatasi. Watoto kumi na wanne. Jaketi za kuelea zilikuwa sita, na mbili zikavaliwa na afisa na mgeni wake.

Mwanzoni safari ilikuwa tamu. Waliona twiga wakinywa maji miguu imepanuka, na mamba wamelala ukingoni midomo wazi. Lakini Awil, mwendesha mashua, hakuwatazama wanyama. Alitazama maji, ambayo yalikuwa mekundu na yakibeba matawi.

"Mto unapanda, mzee," alimwambia afisa. "Kumenyesha huko juu."

"Ratiba inasema nusu saa kisiwani."

"Mto hausomi ratiba."

Wakashuka kisiwani. Afisa akakunjua karatasi yake. "Kaaha Jama ndiye wa kumsomea mgeni insha ya klabu. Yuko wapi?"

Hinda hakuweza kuisoma insha ile hata kwa fimbo. Samsam akamsukuma taratibu. "Nenda nyuma ya kile kichaka. Usitoke mpaka nikuite." Kisha akamjibu afisa, "Kaaha ameenda haja, bwana. Nitasoma mimi."

Samsam alipokuwa bado anasoma, kiboko aliibuka hatua chache kutoka mashua, akakoroma. Watoto wakapiga mbio. Awil akapiga kelele wapande haraka, maji yameanza kumeza nyasi. Katika msukumano ule akaingia pia Rahmo, msichana aliyekuwa akikatia ndama majani upande wa pili wa kisiwa.

"Nivushe, adeer," alimwomba Awil, kama mtoto aombavyo kwa ami yake. "Asubuhi nilipita kwa miguu. Sasa siwezi."

Afisa akahesabu vichwa kwa kalamu. "Kumi na vinne. Sawa, twende."

Mashua ikaondoka. Samsam akapitisha macho juu ya wenzake, uso kwa uso, kama afanyavyo mlangoni pa zizi, na tumbo likamkaza. Akahesabu. Kumi na wanne. Akahesabu tena. Hesabu ni ile ile. Ndipo macho yake yakaangukia mzigo wa majani mapajani mwa Rahmo, naye akaelewa: Rahmo amehesabiwa mahali pa Hinda.

Akisema, uongo wote utatoka, ukiranja utakwenda, na baba yake ataaibika mbele ya watu. Labda Awil angerudi baadaye, kimyakimya. Akageuka kutazama nyuma. Kisiwa kilikuwa kimebaki nusu yake, na ukingoni, pale walipokuwa wamelala mamba watatu, sasa alikuwapo mmoja; wengine wameshaingia majini.

"Adeer Awil, rudi. Hinda amebaki."

Afisa akaitazama karatasi. "Hakuna Hinda hapa. Kaa chini."

"Hayumo kwa sababu nilidanganya. Aliyeitika Kaaha ni yeye. Mimi ndiye niliyemficha."

"Hesabu imetimia," afisa alisema. "Na wewe Awil, nani amekuamuru kugeuza?"

"Karatasi haizami, mzee," Awil akajibu, na mashua ilikuwa imeshageuka.

Walimkuta Hinda nyuma ya kichaka kile kile, maji yamemfika kiunoni, amekumbatia matawi kwa mikono yote miwili. Wenzake walipoita hakusogea. Alifumbua macho aliposikia sauti ya Samsam tu. Awil akamnyanyua akamtia ndani.

"Abaayo, dada yangu, hukuniita," Hinda alisema. "Nilingoja uniite."

Samsam alimshika mkono mpaka gatini.

Pale ukingoni walikuwa wakingoja Mwalimu Nuh na Kulow. Samsam akawaeleza yote kabla hajaulizwa. Kulow akamgeukia afisa kwanza, sauti imekauka.

"Umemwacha ukingoni mtu anayewajua watoto, ukamchukua anayejua kupiga picha. Hilo tutazungumza." Kisha akamtazama binti yake. "Siku mama yako alipokuwa mgonjwa, tulingoja mashua hii hapa hapa kutwa nzima, haikuja. Baadaye niliomba nisomewe kitabu chao cha safari za mashua. Kimeandikwa kwamba siku ile ilikuwa inabeba wagonjwa. Tangu hapo nawalaumu wakubwa kwa uongo wao wa karatasi. Leo uongo wa karatasi umetoka nyumbani kwangu."

"Nisamehe, Aabo."

"Umesema kweli, na mtoto yuko hai. Lakini ungesema asubuhi, asingelowa hata kidole. Wakubwa wakiharibu, sisi tusijifiche nyuma yao. Kweli isemwe mapema, kabla maji hayajapanda."

Mwalimu Nuh akanyoosha mkono, na afisa akampa karatasi shingo upande. Mwalimu akampa Samsam, pamoja na kalamu. Samsam akakata jina la Kaaha, na juu yake, kwa herufi kubwa zinazosomeka, akaandika: Hinda.