Bwana ya Emérence Hapana Muvivu

Kwetu Butembo, mwanaume akionekana nyumbani saa nne ya asubuhi, watu wanauliza kama amefiwa. Ndiyo maana Emérence alienda shambani kila siku na majembe mawili: lake, na la bwana yake Ézéchias, baba wa binti yao Élodie. Akiulizwa, alijibu, "Papa Élodie anakuja nyuma."

Alikuwa akidanganya. Ézéchias alikuwa kitandani, uso ukutani.

Na si kwamba alizaliwa mvivu. Hata! Huyu alikuwa akilima kilima kizima huku akiimba. Kisha ugonjwa wa sukari ukamkamata. Miguu ikafa ganzi. Siku moja akakanyaga kisiki bila kusikia kitu. Kidonda kikaoza, akakatwa vidole viwili. Tangu hapo hakuimba tena. Alikula kidogo, na usingizi ulimkimbia.

Emérence alichoka, jamani. Asubuhi moja uchungu ukamshinda.

"Unaniachia kazi yote! Umekuwa muvivu, ata batoto banaona!"

Ézéchias akavuta blanketi tu.

Njiani Emérence akakutana na jirani yake Mariette, muuguzi wa kituo cha afya. Mariette akatazama majembe.

"Mama Élodie, hii moja haina ata udongo. Papa Élodie iko wapi?"

Emérence akataka kudanganya tena, lakini machozi yakamtangulia. Wakarudi nyumbani pamoja. Mariette akaketi kando ya kitanda.

"Papa, unameza dawa ya sukari?"

"Niliacha. Ya kazi gani? Minakula tu, hapana kulima. Batakuwa bazuri bila mimi."

"Unawazaga kufa?"

"Kila siku."

Emérence, pale mlangoni, akaweka majembe chini. Mungu wangu! Alidhani anaishi na mvivu, kumbe alikuwa anampoteza.

"Mama, sikia," Mariette akasema. "Hii hapana uvivu. Ugonjwa ya kukaa sana mu mwili inaweza kugonjesha na roho. Usingizi inapotea, chakula inakosa utamu, nguvu inaisha, mutu anatamani kufa. Ni ugonjwa, na iko na matunzo. Lakini asibaki peke yake. Twende naye leo."

"Na dawa ya sukari?"

"Ya kila siku, ata akijisikia muzuri. Na miguu yake, muangalie kila mangaribi, mbele ya kulala. Avae viatu, sababu hasikii kidonda."

Siku ileile wakampeleka kituo cha afya. Akarudia dawa. Kila wiki alienda kuongea na mtu aliyefundishwa kusikiliza wagonjwa wa roho. Emérence akamwomba msamaha.

"Nilikuita muvivu."

"Mi pia nilijiita vile," Ézéchias akasema.

Miezi ikapita. Nguvu za zamani hazikurudi, na hazitarudi. Shamba wamelipunguza nusu. Kuna siku Emérence analima akilia, kwa sababu anakumbuka bwana yake alivyokuwa akiimba. Lakini Ézéchias anakula, analala, na asubuhi anakaa nje akichagua mbegu za maharagwe.

Juzi jirani mmoja, Apollinaire, alipita akapaza sauti.

"Papa Élodie! Saa hii uko kwa nyumba?"

Emérence akafungua mdomo adanganye, kama alivyozoea. Bwana yake akamtangulia.

"Niko mugonjwa. Sukari, na roho. Minatumika kazi penye nguvu yangu inafika."

Apollinaire akasimama pale barabarani. Akatazama huku na huku, kisha akasogea karibu.

"Bibi yangu, mama ya batoto, pia iko vile," akasema kwa sauti ndogo. "Munaendaga kutunzwa wapi?"

Ézéchias akasukuma mbegu kando, akampa nafasi ya kukaa.