Ikiuma Ndiyo Imeshika

Angella husuka nywele mtaani Munuki, kwenye kibanda karibu na steji ya bodaboda. Mkono wake unasifiwa. Akikusuka yeye, nywele hazilegei upesi. Siri yake ni tyubu kuukuu ya baiskeli. Huikata vipande vyembamba, akafungia nywele mpaka ngozi ya kichwa inavutika.

Jumamosi humfunga nywele binti yake, Jovia. Mtoto hulia.

"Vumilia," Angella humwambia. "Ikiuma ndiyo imeshika."

Nywele za mbele za Jovia zikaanza kukatika. Angella akamvalisha hedibendi pana ya plastiki, yenye meno, ifunike pale. Akadhani mambo yamekwisha.

Jumapili moja kanisani, watoto walikuwa wakipeleka sadaka mbele huku wakicheza kwa kufuata wimbo. Hedibendi ikaanguka. Upara ukaonekana.

"Mapunye hayo," mama mmoja akasema, akamvuta mwanawe kando.

Jovia akabaki peke yake, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Angella aliona aibu hata akashindwa kwenda kumchukua. Aliyemtoa ni jirani yao Ketty, anayefanya kazi kliniki.

Nyumbani, Ketty alikikagua kichwa cha mtoto.

"Si mapunye," alisema. "Mapunye yana magamba, yanawasha, na huambukizwa kwa kuazimana vitana. Ukiyaona, njoo kliniki. Hapa mpira umevuta nywele mpaka zikang'oka. Hedibendi nayo inasugua palepale. Ona vipele hivi."

"Nikilegeza, wateja watasema sijui kazi."

"Mama Jovia, hebu toa kitambaa chako cha kichwani."

Angella alisita, kisha akakifungua. Mbele ya kichwa chake hapakuwa na unywele hata mmoja.

"Zitarudi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zako sijui, dada. Mizizi ikifa, kalas, basi tena. Za mtoto zitarudi, ukiacha sasa. Funga kwa kitambaa laini. Ngozi isivutike, asiumie. Akienda kulala, fungua vitambaa vyote."

Angella aliinama. "Nilimwacha pale mbele ya watu," alisema. "Mtoto wangu mwenyewe."

Tyubu alimpa fundi baiskeli. Wateja wengine wamehama, na nywele changa zimeota juu ya paji la uso la Jovia.

Lakini Jumamosi ile ya kwanza bila tyubu, alipomsuka taratibu, mtoto alinyamaza kimya, kichwa kikalala mapajani mwake. Angella aliogopa, akamtikisa.

"Jovia, unaumwa?"

"Hapana, Mama. Nilisinzia. Leo haiumi."

Angella aligeuza uso upande, mtoto asimwone.