Nyumba Iliyokataa Kuguswa

Kishikio cha ngazi kilikuwa na joto. Mshonaji alikigusa siku ile dalali alipowatembeza, akadhani ni jua, kisha akaona jua halifiki pale. Alitaka kumwambia mumewe, lakini mume alikuwa seremala, na mbao zilikuwa zimeshamteka. Alikuwa akipapasa milango mizito, akikodolea macho vioo vya rangi juu ya madirisha, akicheka peke yake. Nyumba ilikuwa na miaka mia na ushee, na dalali aliapa kwamba tangu ijengwe haijabadilishwa hata bawaba. Kwa mara moja katika maisha yake, dalali alisema kweli.

Walihamia na binti yao wa pekee, mtoto wa miaka sita waliyemwita Kibibi kwa maneno yake ya kiutu uzima. Kibibi aliipenda nyumba kuliko wote. Alikaa kwenye ngazi mchana kutwa, akinong'ona na kucheka. Mama alipomuuliza anaongea na nani, alijibu kwamba ni mwenye nyumba.

"Mwenye nyumba si baba yako?"

"Siyo baba. Yule wa kwanza."

Wiki hiyo hiyo seremala aling'oa kitasa cha shaba kilichokuwa kikikwama, akakitupa jalalani, akaweka kipya. Asubuhi kile cha zamani kilikuwa mlangoni, kinang'aa, na kipya kimelazwa kizingitini pamoja na skrubu zake. Alidhani mkewe anamtania. Kisha wakapaka jikoni rangi nyeupe, na jua lilipotua rangi yote ilikuwa imebambuka na kulala sakafuni, nzima nzima, kama gamba la nyoka. Tangu hapo kila magharibi ilinuka nta ya kung'arishia mbao, na kitambaa kilisikika kikisugua ngazi, taratibu, kutoka juu kuja chini, huku watu wote watatu wamekaa mezani wanatazamana.

Lakini hofu yenyewe ilimpata mshonaji siku alipompima Kibibi gauni jipya la shule, akaona futi inaishia pale pale ilipoishia mwaka uliopita, mabegani, kifuani, hadi magotini, akakumbuka kwamba ule upindo mpana aliouacha ili aushushe mtoto akikua hajawahi kuushusha, na kwamba hajui ni lini mara ya mwisho alimkata kucha, na kwamba lile jino la mbele lililokuwa likicheza walipohamia bado linacheza, haling'oki wala halikazi, na wakati akiyawaza hayo, futi ikiwa mkononi, kile kitambaa kikaanza kusugua nyuma ya mgongo wake, karibu kabisa, kama cha mtu anayefanya kazi yake huku akisubiri aulizwe.

Walimpeleka Kibibi kwa shangazi yake, mji wa mbali, safari ya siku nzima. Shangazi alilala naye kitanda kimoja, amemkumbatia. Kulipokucha Kibibi alikuwa chumbani mwake nyumbani, amechanwa nywele vizuri, ananuka nta.

Ndipo wakamleta mganga wa majini, mama mmoja mtaratibu, akaja mchana kweupe. Alisimama chini ya ngazi akasema na aliyekuwepo kwa adabu, kama mtu anavyosema na mkwe wake. Jibu lilikuja kwa sauti ya chini, isiyo na hasira hata kidogo.

"Aliyeijenga aliniambia niitunze kama ilivyo. Naitunza."

"Mtoto si kitu cha nyumba," mganga alisema.

"Nilimuuliza kama anataka kukaa humu siku zote. Akasema ndiyo."

Mganga alifungasha vitu vyake. Huko nje, kwa kunong'ona, aliwaambia kwamba jini mwenye chuki anaweza kufukuzwa, lakini huyu ana ahadi mbili mkononi, na zote amepewa na watu. Aliwasihi wasiivunje nyumba.

Seremala hakusikia. Alichukua shoka akaipiga ngazi, pigo moja tu. Kule juu Kibibi akalia, na walipomfikia, mguu wake ulikuwa umepasuka hadi mfupani. Asubuhi ngazi ilikuwa nzima, na mguu pia, lakini seremala hakushika tena kifaa cha kazi.

Miaka ikaenda. Watu waliambiwa mtoto analelewa kwa shangazi. Seremala alifariki kwa maradhi ya kawaida, na nyumba haikumzuia hata saa moja. Mshonaji akajaa mvi, mgongo ukapinda, na kule juu Kibibi akaendelea kuimba nyimbo za darasa la kwanza.

Siku moja aliingia msichana kupimwa gauni la harusi. Zamani alikaa dawati moja na Kibibi. Alikuwa amenyoosha mikono, anasimulia habari za mchumba wake, Kibibi aliposhuka bila viatu, kipande cha mkate mkononi. Msichana alimtazama usoni kwa muda mrefu. Akatoka, kitambaa chake cha harusi akakiacha mezani, na hakukirudia.

"Mama, yule dada ananijua?" Kibibi aliuliza.

Jioni ile mshonaji alipiga magoti chini ya ngazi. Aliomba naye atunzwe, hata kama ni hivi hivi na uzee wake, maana siku zake zinakwisha na mtoto atabaki na nani. Kusugua kukakoma.

"Wewe nyumba hii huipendi," sauti ilisema kwa upole.

Alifungua kinywa aseme anaipenda. Bado anajaribu, kila jioni, amepiga magoti pale pale, na neno halitoki.